Vigingi Kumi na Viwili Juu ya Nyumba ya Dada

Mtaalamu hakuwa mimi. Mtaalamu alikuwa Mdachi, Mjerumani. Mimi nilishika kamba. Watu wa kwetu siku hizi wakisimulia habari za ule mlima husema mimi ndiye niliyepima, nami huwaacha waseme, jambo ambalo si haki. Ndiyo maana naandika. Miaka imepita mingi, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Kwetu ni juu ya mto Mgeta. Mteremko ni mkali kiasi kwamba boga likikuponyoka mkononi utalikuta mtoni. Nyumba ya dada yangu mkubwa ilikuwa katikati ya mteremko huo, chini ya shamba la mahindi, yeye na mumewe na watoto watatu. Mama yetu tulimzika hapo hapo, nyuma ya migomba. Ardhi ilikuwa ya lukolo, yaani ukoo wa mama, na kwetu Waluguru mwenye kauli juu ya ardhi ya namna hiyo ni mjomba. Mjomba akisema limeni, mnalima. Akinyamaza, mnangoja.

Masika moja, juu ya shamba la dada, ardhi ilipasuka. Ufa wenyewe ulikuwa umepinda kama mundu, ncha zake zikitazama chini. Mwanzoni mbuzi aliuruka bila kujali. Baada ya miezi michache mbuzi alisimama ukingoni, akanusa, akazunguka mbali.

Mdachi alikuja kwa sababu nyingine kabisa. Serikali ilitaka kupitisha barabara, naye akatumwa kuutazama mlima kama utaibeba. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye nyundo ndogo kiunoni, na alikuwa akigonga mawe na kuyasikiliza. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kilichonyooka kupita changu. Alipouona ule ufa aliacha kuzungumza habari za barabara. Akauliza, "Nani hapa anajua kuandika namba?" Wakanisukuma mbele. Nilikuwa nimesoma shule ya serikali kule Morogoro miaka miwili na nusu, kisha homa ikanirudisha nyumbani. Namba nilizijua. Maneno yalinishinda kidogo.

Tulishuka naye hadi uwanjani kwa dada. Akakata jani la mgomba, akalimwagia maji, akaweka juu yake donge la udongo, kisha akaliinamisha jani polepole. Donge likakaa. Akaliinamisha tena, likakaa. Watoto wakaanza kucheka. Mara donge lote likateleza kwa pamoja, pwa, likaangukia miguu ya shemeji yangu.

"Jani ni mwamba ulio chini," Mdachi akasema. "Donge ni shamba lenu."

Shemeji akajipangusa mguu. "Bwana, basi mimi nimeshakufa?"

Watu wakacheka, na Mdachi naye akacheka kidogo. Dada hakucheka. Alikuwa akilitazama lile jani.

Kesho yake alipigilia vigingi. Pembeni ya mteremko kuna jabali huku na jabali kule, yote mawili yameota mizizi ndani ya mlima, hayaendi popote. Kati ya majabali hayo, chini kidogo ya ufa, alipanga vigingi kumi na viwili kwenye mstari mmoja, akifumba jicho moja na kuniamrisha: kushoto, kulia, hapo. Kazi yangu ikawa hii: kila asubuhi nivute kamba kutoka jabali hadi jabali, nipime kwa rula kila kigingi kimeiacha kamba kwa sentimita ngapi, niandike. Kigingi kimoja kikifika shibiri moja, niwatoe watu wote siku hiyo hiyo, kisha nimpelekee barua.

"Andika namba tu," aliniambia. "Usiandike unavyodhani."

Sikuliona neno hilo kuwa baya. Shuleni nilichapwa kwa sababu hiyo hiyo: mwalimu alitaka hesabu kwenye kibao, mimi nikaandika hesabu na maelezo. Alinichapa mpaka maelezo yakanitoka mwilini.

Sasa nifike kwenye kosa langu la kwanza. Mjomba hakuwepo siku ya jani la mgomba. Alikuwa matangani ng'ambo ya mto. Mdachi aliniachia mimi kazi ya kumweleza. Nilipokwenda nilimkuta ameshaviona vigingi na ameshaamua ni nini. Miaka ile serikali ilikuwa ikiweka mipaka ya msitu: juu ya mstari ni mali ya serikali, chini ya mstari ni yenu, na atakayekata mti juu ya mstari atajibu bomani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimeuona mpaka wenu," akasema. "Sikuutegemea kuwa wa haki, lakini ni wa haki. Wametuachia shamba lote. Mwambie bwana wako nimekubali, na nitautunza."

Nilifungua mdomo. Nikaona uso wake umetulia, naye ni mtu ambaye hakuwahi kutulia mbele ya habari za Wadachi. Nikawaza: nikimwambia kwamba vile vigingi ni vya kupima kama shamba la lukolo litakufa, na kaburi la dada yake lipo humo, ataving'oa vyote leo. Akidhani ni mpaka hatavigusa. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Nikasema, "Nitamwambia, mjomba," nikaondoka, na mwenyewe nikajiona nimetumia akili.

Mdachi akashikwa na homa, akateremka Morogoro. Mvua zikaanza.

Wiki ya kwanza kigingi cha sita na cha saba viliiacha kamba kwa sentimita moja. Nikaandika moja. Baada ya siku mbili zikawa mbili. Nakumbuka nilivyopiga magoti kwenye matope nikiitazama ile mbili kwenye rula. Nikashuka kwa dada.

"Umepata ngapi leo?" Alikuwa akiniuliza hivyo kila asubuhi kabla hata sijamwamkia.

"Mbili."

Akaweka mwiko chini. "Zikifika ngapi tunatoka?"

"Shibiri. Kama ishirini na mbili hivi."

"Basi bado," akasema, lakini hakuushika mwiko tena mpaka nilipoondoka.

Kesho yake nilivuta kamba, na kigingi cha sita kilikuwa sifuri. Cha saba sifuri. Vyote kumi na viwili vilikuwa vimeigusa kamba kama askari kwenye gwaride.

Nijitetee au nisijitetee? Nilijua udongo haupandi mlima. Mtoto wa dada angeweza kulijua hilo. Lakini kati ya kusema mlima umerudi juu na kusema mimi nimekosea kupima, la pili ndilo lililoniingia akilini kwa urahisi. Nilikuwa na shule ya miaka miwili na nusu. Kamba yangu ilikuwa imelowa jana, labda ilivutika. Nikalowesha kidole, nikaifuta ile mbili kwenye daftari, nikaifuta na ile moja. Karatasi ikachubuka kidogo. Nikaandika sifuri juu ya mchubuko.

Dada akauliza, nikamjibu sifuri. Akapumua kwa nguvu, akacheka, akanipa kiporo cha muhogo.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo. Sifuri, au moja, kisha sifuri tena. Niliona udongo kwenye shina la vigingi umekanyagwa upya. Niliona na nyayo. Daftari halikuwa na mahali pa kuandika nyayo. Mdachi alituma mtu kuchukua namba zangu, nami nikazipeleka zilivyo, na barua ikarudi: vizuri, mlima umepumzika, endelea kupima, watu wakae. Niliisoma mbele ya dada kwa sauti. Sijui kama nimewahi kuwa na fahari kama siku ile, na ndiyo siku ninayoiogopa zaidi nikiikumbuka.

Maana vitu vingine havikupumzika. Chemchemi ya chini ya migomba, ambayo tangu utoto wangu ilikuwa maji meupe, ilianza kutoa maji ya rangi ya chai. Mti mmoja wa mfune ukainama upande wa mtoni. Na mlango wa dada ukagoma. Shemeji aliuchonga mwenyewe, mbao nzito, kitu cha kujivunia pale kwetu ambapo wengi walifunga mlango wa matete. Asubuhi moja haukufunga. Akachukua panga, akaupunguza pembeni. Baada ya siku mbili ukagoma tena upande wa juu. Akapunguza tena.

"Mbao zinalewa mvua," aliniambia. "Wewe kapime matope yako, shemeji, niachie mimi useremala."

"Nyumba imepinda," nikamwambia.

"Daftari lako linasema imepinda?"

Daftari lilisema sifuri. Yeye akauegemea mlango kwa bega mpaka ukaingia, akanitazama kama mtu aliyeshinda shauri. Nisimlaumu: alikuwa akiniamini mimi kuliko nilivyojiamini mwenyewe.

Kutoka hapo usingizi wangu uliharibika. Mvua ikipiga nilikuwa nasikiliza chini ya mvua, kama kuna sauti nyingine. Asubuhi nilikuwa naogopa kupima, na nikishapima naogopa zile sifuri. Siku moja nikaona heri niwahi. Nikapanda kungali na ukungu, kabla ya saa yangu.

Kwenye jabali la kushoto kulikuwa na mtu amechuchumaa, amefumba jicho moja, mkono umenyooshwa. Kwenye mstari alisimama mzee mmoja wa lukolo jingine, jirani wa ng'ambo, ameshika kigingi cha sita mkononi.

"Juu kidogo," sauti ya jabalini ikasema. "Hapo. Usizidishe. Hata kidole usizidishe, wasije wakasema tumewaibia."

Alikuwa mjomba.

Kwetu mpaka una desturi zake. Kijiti cha mpaka kikihama, anayekiona hukirudisha mahali pake, wala hakirudishi peke yake: humwita mtu asiye wa shamba lile ashuhudie. Nililijua jambo hilo tangu nikiwa mdogo. Na bado halikunijia kichwani hata mara moja, kwa kuwa mimi nilikuwa nikiviita vigingi, sikuviita mpaka.

Nikaamkia.

"Marahaba," akasema mjomba, hakufumbua jicho. "Umewahi leo. Umekuja kuvisogeza?"

"Mimi?"

"Wewe, au bwana wako, au yeyote anayelipenda shamba la watu. Nimekubali mpaka, nikasema nitautunza. Nyinyi kila siku mnaushusha. Kidole leo, kidole kesho. Mnadhani mzee haoni?"

"Mjomba, hakuna anayevishusha."

"Basi vinatembea vyenyewe."

"Ndiyo, mjomba," nikasema. "Vinatembea vyenyewe."

Mzee wa ng'ambo akakitazama kigingi alichokishika, akakiweka chini taratibu kama mtu aliyeshika yai. Nikawaeleza. Jani la mgomba, donge, kamba, shibiri. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, na nikamwambia pia kwamba nilipaswa kumwambia siku ile ya kwanza na sikumwambia. Mjomba alishuka jabalini. Hakunipiga wala hakunitukana. Ningefurahi kama angefanya hivyo.

"Nimevirudisha mara tisa," akasema.

"Kwa kiasi gani?"

Akautazama mkono wake. "Mwanzo vidole viwili. Vidole viwili tena. Vitatu. Kisha vinne, vinne, vinne." Akawa anaikunja mikono yake na kuikunjua, na mzee wa ng'ambo akiitikia kila mara kwa kichwa, ndiyo, vinne, nilikuwepo. "Juzi kiganja kizima na dole gumba. Jana shibiri. Leo." Akainama, akaweka mkono pale kwenye mstari, akaupeleka chini mpaka kwenye tundu ambamo kigingi kiling'olewa. Aliweka mkono mara mbili. "Leo shibiri na nusu."

Sikuweza kujumlisha vidole na shibiri, na haikuhitajika. Chini yetu moshi wa jiko la dada ulikuwa ukitoka kwenye nyasi za paa.

Mjomba alitangulia. Sikuwahi kumwona akikimbia, na hata siku ile hakukimbia, lakini nilishindwa kumfikia. Alisimama uwanjani kwa dada, mvua ikimtiririka kichwani, akawaita wote kwa majina, na majirani wawili wa chini yake. Akasema mbele yao: "Mlima unaondoka. Ulikuwa ukituambia, mimi nikawa naufunga mdomo kila asubuhi kwa mkono wangu. Kosa ni langu. Tokeni." Hakunitaja. Nilitaka kusema na langu, lakini dada alikuwa ameshanigeukia.

"Si ulisema sifuri?"

Hakungoja. Alimchukua mdogo mgongoni, akaninyooshea wa pili, akamshika mkubwa mkono. Tukapanda hadi kwenye mgongo wa mwamba, upande wa jabali la kulia, tukajificha chini ya nyasi na mikeka.

Siku ile mlima haukuondoka. Wala kesho yake. Watoto walikohoa, moto haukushika, mahindi yaliyovunwa yalikuwa yamebaki kule chini. Kutoka kwenye mwamba tuliiona nyumba vizuri, imekaa pale kana kwamba inatushangaa. Shemeji akaanza.

"Kwanza walisema mlima hauendi, tukakaa. Sasa wanasema unaenda, tumekaa juu ya jiwe kama pimbi. Mlima wenyewe umeulizwa?"

"Kaa," mjomba akamwambia.

"Nakaa, mzee. Lakini mlango wangu unalowa."

Mimi, niseme ukweli, nilianza kuwa upande wake. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nimeshaanza kuwaza kwamba labda mjomba alikosea hesabu ya vidole. Ndivyo nilivyo. Mchana mvua ikapungua, na tulipogeuka shemeji hakuwepo. Alikuwa ameshafika uwanjani kwake. Tukamwona akiung'oa mlango.

Dada akaita. Akaita tena kwa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Shemeji aliubeba mlango mgongoni, mikono nyuma, ameinama, akaanza kupanda kwa upande kuja kwetu, na kwa mbali ulikuwa ni mlango wenye miguu. Wakati huo nikaona migomba ikitembea. Haikuanguka, ilitembea wima, yote pamoja, majani yakitikisika kama watu wanaokwenda sokoni. Kisha ndipo sauti ikaja, na sauti haikutoka mahali pamoja, ilitoka chini ya miguu yetu.

Shemeji hakugeuka. Hakuuacha mlango pia. Baadaye alisema hakukumbuka kwamba anao. Alipofika kwenye mwamba alijirusha kifudifudi, mlango ukamlalia juu, na nyuma ya visigino vyake, hatua kama kumi, hapakuwa na kitu. Palikuwa na wekundu wa udongo tu mpaka mtoni, na maji yakibubujika katikati yake.

Hakufa mtu. Nyumba tatu zilikwenda. Kaburi la mama lilikwenda. Dada alikaa juu ya ule mlango siku nzima, na watoto wakamzunguka.

Mdachi alipanda baada ya siku kadhaa, amekonda, macho ya manjano. Alisimama akiutazama wekundu ule, kisha akanyoosha mkono. Nikampa daftari. Akafungua kurasa za sifuri. Nilikuwa nikingoja kiboko. Nilikuwa nimeshaamua nitakaa kimya kikija. Nikamwonyesha mchubuko kwenye karatasi, nikamwambia nilichokifuta, na nyayo ambazo sikuziandika, na mpaka ambao niliuacha uwe mpaka. Alisikiliza yote.

"Nilikuambia uandike namba tu," akasema mwisho. Sikujua kama ananilaumu au anajilaumu, na mpaka leo sijui.

Akamwomba mjomba mkono. Mjomba akamtazama, kisha akautoa. Mdachi akaulaza juu ya goti lake, akafungua rula yake ya kukunja, akapima kidole kimoja, viwili, vitatu, vinne, kiganja, dole gumba, shibiri. Kila kipimo alikiandika. Wakaanza upya tangu mara ya kwanza mpaka ya tisa, mjomba akitaja, mzee wa ng'ambo akithibitisha, Mdachi akigeuza vidole kuwa sentimita. Alipomaliza alichora mstari kwenye karatasi unaopanda kidogo, kisha kidogo, kisha ukasimama kama ukuta. Akanionyesha. Nami nikaona kwamba ningeweza kuwatoa watu siku nyingi kabla.

Kisha akageuka, akautazama mteremko wa udongo ulio juu ya ule mwamba tulipojenga vibanda vyetu, akatazama muda mrefu kupita nilivyopenda. Akaagiza vigingi.

Safari hii mjomba ndiye aliyefumba jicho, mimi nikapigilia. Hakuna aliyeuita mstari ule mpaka. Kila asubuhi tulipanda wawili: mimi na rula, yeye na mkono wake, na katika daftari jipya niliandika namba, na chini ya namba niliandika maneno, nyayo, rangi ya maji, mti ulioinama, mlango. Mlango ule shemeji aliusimamisha kwenye kibanda kipya. Ulikuwa umepunguzwa sana, ukiacha nafasi pande zote, kwa hiyo haukuweza kutuambia kitu.

Msimu mzima ulipita kwa sifuri. Nikaanza kulala.

Masika yaliporudi, asubuhi moja ya ukungu, nilivuta kamba nikafika kigingi cha nne. Nikapiga magoti. Nilikuwa na rula mkononi lakini sikuiweka. Mjomba alikuja nyuma yangu, akachuchumaa kwa taabu, akateremsha mkono wake kati ya kamba na kigingi. Kidole cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaingia.

"Andika," akaniambia.

Chini yetu dada alikuwa ameshatoka nje ya mlango, anatazama juu, anangoja nimwambie ngapi.